Alama ya Tatu

Levina alipotoka shule alikuwa na kazi tatu, na alizifanya kwa utaratibu uleule kila siku. Kwanza alifagia uwanja. Pili alibandika sufuria ya wali. Wali huo ulikuwa wa watu wawili, lakini mkono wake ulikuwa bado umezoea kupima wa watu watatu, kwa hiyo kila siku kilibaki kiporo. Tatu alipima dizeli.

Kazi hii ya tatu ndiyo iliyowashangaza wasichana wenzake wa darasa la sita. Baba yake, Mzee Eustaki, alikuwa na lori kuukuu la rangi ya bluu. Alilitumia kubeba mpunga wa wakulima kutoka vijiji vya bondeni mpaka kwenye mashine za kukoboa za Ifakara. Juu ya kioo cha mbele liliandikwa SUBIRA, ila jua na mvua vilikwisha kula herufi mbili za mwisho, likabaki SUBI. Geji ya mafuta ilikufa zamani. Mshale wake ulilala chini kushoto na haukuamka hata tangi lilipojaa pomoni. Kwa hiyo dizeli ilipimwa kwa fimbo ndefu iliyochongwa alama nne kwa kisu.

Unafungua kufuli la tangi, unatumbukiza fimbo mpaka igote chini, unaitoa na kutazama imelowa mpaka wapi. Ikilowa mpaka alama ya kwanza tu, usitoke nyumbani. Alama ya pili inakufikisha kijiji cha Michenga na kukurudisha. Alama ya tatu inatosha kwenda kijiji cha Mbingu na kurudi. Ikifika ya nne, nenda utakako.

"Wenzangu wana geji za kioo," Mzee Eustaki alipenda kuwaambia madereva pale Kibaoni. "Yangu mimi inasoma darasa la sita."

Madereva walicheka, na Levina alipoyasikia maneno hayo alivimba kichwa siku nzima.

Siku hizo, hata hivyo, hakukuwa na mengi ya kumvimbisha kichwa. Bibi yake wa Mbingu alikuwa ameteleza akavunjika nyonga, na mama yake, Agnella, alikwenda kumuuguza. "Wiki mbili tu, mwanangu," mama alisema huku akifunga mzigo wake. Wiki mbili zikawa tatu, tatu zikawa tano. Baba alikuwa barabarani toka alfajiri. Levina alikula peke yake, akisikiliza kijiko chake kikigonga sahani. Simu ya mama ilipatikana kwa kubahatisha. Ikipatikana, mama aliuliza habari za shule na za kuku, kisha sauti ikakatika kabla hajauliza habari za Levina mwenyewe.

Kwa hiyo Levina alikuwa na kazi ya nne, na hiyo hakumwambia mtu. Kila jioni alikwenda barabarani Kibaoni, akakaa juu ya gogo karibu na muuza mihogo ya kukaanga, na kungoja basi litokalo Mlimba. Basi hilo lilipitia Mbingu. Liliposimama, aliwatazama abiria wakishuka mmoja mmoja mpaka utingo agonge bodi, basi liondoke. Kisha alirudi nyumbani.

Wiki ile Mzee Eustaki alipata homa. Kwa siku tatu lori liliendeshwa na deiwaka, dereva wa kukodiwa kwa siku, aliyeitwa Evaristo. Alhamisi jioni Evaristo alirudisha lori, akaulizwa habari ya mafuta, akasema, "Yapo yapo, mzee."

Asubuhi ya Ijumaa baba alimpa Levina ufunguo wa kufuli la tangi.

"Mwanangu, Evaristo anasema yapo yapo. Hiyo si alama ninayoijua. Ukitoka shule, pima. Ikiwa chini ya alama ya tatu, nikanunue jioni hiihii, maana kesho alfajiri nina safari."

"Sawa, baba."

Alitoka shule, akafagia, akabandika wali. Alipochukua fimbo kutoka ukutani, akatazama jua. Basi lilikuwa karibu kufika. Nitapima nikirudi, alijiambia, akaegemeza fimbo na kukimbia.

Siku hiyo basi lilichelewa. Muuza mihogo alikwisha kufunika karai lake lilipotokea na vumbi lake. Alishuka mzee mmoja, wakashuka vijana wawili, akashuka mwanamke aliyevaa kitenge cha zambarau. Kitenge cha mama kilikuwa cha zambarau. Levina aliruka kutoka kwenye gogo, akakimbia, akamshika mkono. Mwanamke akageuka. Hakuwa mama.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Hakuna," Levina alijibu, uso ukamwaka kwa haya.

Alirudi nyumbani giza likiingia. Wali ulikuwa umeungua chini. Baba alikuwa ndiyo kwanza ameamka, amekaa kwenye kigoda, mwili bado dhaifu kwa homa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepima?"

Neno la kujibu lilikuwa moja na lilikuwa jepesi: sijapima. Lakini neno hilo lingezaa swali la pili, ulikuwa wapi? Na Levina, msichana wa miaka kumi na miwili anayejua kupika na kupima dizeli, aliona haya kusema kwamba kila jioni anakaa kwenye gogo kumngoja mama yake.

"Nimepima, baba. Alama ya tatu."

Akampa ufunguo. Baba akautia mfukoni bila kuuliza zaidi, akatabasamu.

"Basi mambo safi. Nilikuwa nimekuficha jambo. Kesho ninakwenda Mbingu kubeba mpunga, na wewe utakaa mbele pamoja nami. Tukitoka saa kumi na mbili, tutafika mapema. Utashinda na mama yako mpaka tupakie, tuondoke saa tisa."

Levina alipiga kelele za furaha, kisha akaukumbuka uongo wake. Wakati wa kulala alijifariji kwamba huenda dizeli imefika alama ya tatu kweli. Nani ajuaye? Alilala akiombea hivyo.

Alfajiri alivaa gauni lake la kanisani, akafunga karanga na mche wa sabuni kwa ajili ya mama, akapanda mbele ya lori. Baba alipiga stata. Injini ilizunguka kwa nguvu, ikashika, ikatetema kidogo, ikakohoa na kuzimika. Baba akapiga tena. Ikazunguka bila kushika. Akapiga mara ya tatu na ya nne, hakuna kitu.

"Leo una nini, mama?" baba aliliuliza lori, kama alivyozoea, kisha akatoa simu na kumwita fundi Valentino.

Fundi alifika kwa baiskeli, sanduku la spana likilia nyuma yake kila alipopita shimo. Levina alimwamkia, naye akaitikia huku tayari akilitazama lori. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Baba Levina, injini ya dizeli haina makuu," alisema akikunja mikono ya shati. "Inataka kuzungushwa, inataka hewa, inataka dizeli. Tutaiuliza kimoja kimoja, itasema yenyewe."

Alisafisha vichwa vya betri, akavikaza, akasema baba apige stata. Injini ilizunguka vizuri. "Kuzungushwa inazungushwa," alisema. Akafungua chombo cha kuchujia hewa, akakung'uta pumba za mpunga na vumbi la miezi mingi. Akakirudisha. Injini haikuwaka. Kisha akalegeza nati moja juu ya filta ya dizeli na kuanza kusukuma pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa injini. Palipotakiwa kutoka dizeli safi, palitoka povu.

"Ahaa! Hewa imeingia kwenye mabomba. Tangini kuna mafuta?"

"Yapo. Alama ya tatu," baba alijibu. "Binti alipima jana jioni."

Fundi aligeuka, akamtazama Levina aliyesimama karibu na gurudumu, akacheka kwa upole.

"Kama geji ya darasa la sita imesema, basi tangi tuliache. Tutafute hewa inapoingilia."

Levina alijaribu kucheka, midomo ikakataa.

Wanaume wale wawili wakaanza kazi. Walifungua bomba moja baada ya jingine, wakalipuliza, wakalitazama kama lina ufa, wakabadilisha klipu zilizolegea, wakakaza kila nati. Fundi alilala chali chini ya lori mpaka mgongo wa shati lake ukawa mweusi. Baba, ambaye juzi tu alikuwa akitetemeka kwa homa, alipanda na kushuka, akapiga stata kila alipoambiwa. Jasho lilimtoka. Saa mbili ikapita, saa tatu ikaja. Kila waliposukuma pampu, lilitoka povu lilelile. Betri nayo ilianza kuchoka.

Hakuna aliyemfukuza Levina, hakuna aliyemkaripia. Mara mbili baba alimtazama na kusema, "Pole, mwanangu, tutafika tu." Hata hivyo alikuwa hajawahi kujiona mpweke kama saa zile, si mezani, si kwenye gogo la Kibaoni. Uongo una tabia hiyo. Unakutenga na watu wako hata mkiwa mmesimama pamoja uwanja mmoja.

Baba alikuwa amelitundika koti lake kwenye mlango wa lori, na ufunguo wa tangi ulikuwa mfukoni. Levina aliuchukua, akazunguka upande wa pili, akafungua kufuli. Alitumbukiza fimbo, akaisikia ikigota chini kwa sauti kavu. Alipoitoa, ilikuwa imelowa upana wa vidole viwili tu. Hata alama ya kwanza haikuguswa.

Alisimama na fimbo mkononi. Nikisema, baba ataniacha nyumbani, aliwaza. Nisiposema, lori haliendi. Akashindwa kuchagua.

Upande wa pili, fundi Valentino alitoka chini ya lori, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Baba Levina, nimemaliza mabomba yote. Kilichobaki ni injekta pampu yenyewe, ile inayosukuma dizeli ndani ya injini. Hiyo siwezi kuifungulia hapa mchangani. Niitoe, iende Morogoro kwa wenye mashine ya kuipima."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki mbili, ikiwahi."

Levina alizijua wiki mbili. Alijua jinsi zinavyokuwa tatu, kisha tano.

Baba alivua kofia, akajikuna kichwa, akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya upande wa milimani. "Mpunga wa watu uko chini ya turubai," alisema. "Mvua haitanisubiri. Wewe anza kufungua, fundi. Mimi nampigia Makoye, achukue safari hii kwa lori lake." Akatoa simu. Fundi akaokota spana.

"Baba, usimpigie!"

Wote wawili waligeuka. Levina alikuwa amekuja mbele ya lori, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Sikupima jana," alisema. "Nilisema nimepima, lakini sikupima. Sasa hivi nimepima. Haifiki hata alama ya kwanza."

Fundi Valentino aliweka spana chini taratibu. Akaipokea fimbo, akaitazama ncha yake, akainusa, akamrudishia. Alikuwa amelala mchangani saa tatu nzima kutafuta ugonjwa wa gari lenye njaa, na angeweza kusema mengi. Akaanza kurudisha spana sandukuni.

Baba alikaa juu ya bampa.

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Kibaoni. Nilikuwa ninangoja basi la Mlimba."

"Ulikuwa unamngoja nani?"

Levina alifungua kinywa, machozi yakatangulia. "Mama."

"Alikuambia anakuja?"

"Hapana. Ninamngoja tu. Kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, baba."

Mzee Eustaki aliinamisha kichwa. Aliponyanyuka hakumpiga wala hakufoka. Alichukua madumu mawili, akasimamisha bodaboda iliyokuwa ikipita, akaenda kituo cha mafuta.

"Njoo hapa, wewe," fundi Valentino alimwita Levina. "Unaiona pampu hii? Baba yako akirudi, mimi sishiki kitu. Wewe uliyeiacha hewa iingie, wewe utaitoa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Dizeli ilipomiminwa tangini, Levina, na gauni lake la kanisani, alisukuma pampu ya mkono mpaka kidole gumba kikaota lengelenge. Kwanza lilitoka povu. Likaja povu na dizeli. Mwisho ikatoka dizeli tupu, safi, bila kiputo hata kimoja, na fundi akakaza nati.

Betri ilikuwa imekwisha nguvu. Fundi akawaita majirani, wakalisukuma lori kwenye mteremko, Levina naye akisukuma nyuma kwa bega. Baba aliachia klachi. Lori likashtuka, likakohoa moshi mweusi, likanguruma. Majirani wakapiga makofi.

Ilikuwa saa tano kasoro. Baba alishuka huku injini ikiendelea kunguruma.

"Pima," alisema.

Levina alipima mbele ya watu wote. Aliitazama fimbo mara mbili, akaigeuza upande wa pili, akaitazama tena.

"Alama ya tatu, baba."

Fundi Valentino alinyosha shingo ili ajionee. Mzee Eustaki akamzuia kwa mkono.

"Acha, fundi. Ameshasema." Akamgeukia Levina. "Panda, twende."

Walifika Mbingu saa saba na nusu, manyunyu yakianza. Wakulima walikuwa wamekasirika, wakapakia magunia mbiombio ili waliokoe zao lao. Siku ambayo ingekuwa ya kushinda na mama ilikuwa imebaki nusu saa. Levina aliitumia yote kifuani pa mama yake, kwenye baraza la bibi, hata karanga alisahau kuzitoa mpaka honi ya lori ilipolia. Bibi alikuwa bado hajaweza kusimama. Mama asingerudi upesi. Walipoagana Levina alilia, na mama pia alilia, wala hawakufichana.

Njiani mvua ilipiga kioo, na kifutio kimoja kilichobaki kizima kilifanya kazi ya viwili. Walipokwisha kuvuka daraja, baba akaanza kusema.

"Levina, jana ulisema uongo mdogo, maneno mawili matatu tu. Umeuona mwendo wake? Umemlaza fundi mchangani, nusura upeleke pampu nzima Morogoro, nusura mpunga wa watu unyeshewe, na siku yako na mama umeila mwenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lori hili geji yake imekufa na bado ninaliendesha, kwa sababu geji iliyokufa haidanganyi. Naijua kwamba imekufa. Inayosema uongo ndiyo itakayoniacha porini."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe pale uliposema usimpigie Makoye. Lilikuwa neno gumu, na ulilisema ukijua naweza kukuacha nyumbani." Alibadilisha gia. "Lakini kuna jingine. Upweke si kosa, mwanangu, wala si jambo la kuonea haya. Unadhani mimi kwa nini ninachelewa kurudi siku hizi? Nyumba ile imeniwia kubwa. Sisi wawili tumeishi humo, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lilelile. Ukiwa hujapima, sema sijapima. Moyo ukikuuma, sema unauma. Mtu hawezi kukusaidia kwa jambo ulilomficha."

Ijumaa iliyofuata Mzee Eustaki alirudi mapema, jua bado liko juu. Alimkuta Levina mlangoni, wali umeiva, fimbo bado ipo ukutani.

"Umepima?"

"Sijapima, baba," alisema. "Nilikuwa ninatoka kwenda kwenye gogo."

Baba aliichukua fimbo, wakapima pamoja, wakafunga kufuli. Kisha akavaa kofia yake, wakaenda wote Kibaoni. Muuza mihogo akasogeza karai lake, maana siku hiyo gogo lilikuwa la watu wawili. Basi la Mlimba lilifika, likashusha abiria wanne. Mama hakuwamo. Walikaa bado kidogo wakila mihogo, wakasimulizana habari za mama mpaka giza likaingia, ndipo wakarudi nyumbani.